Mnara wa Bangoka na Anga Inayoongozwa kwa Sauti

Mwaka 2011 njia ya anga kati ya Kisangani na Kinshasa ilipoteza ndege mbili katika muda wa miezi mitatu na siku chache. Ya kwanza ilikuwa jeti ndogo aina ya Bombardier CRJ ya shirika la Georgian Airways, iliyokodiwa na Umoja wa Mataifa. Tarehe 4 Aprili ilitoka Goma, ikatua Kisangani, ikaruka tena kutoka uwanja wa Bangoka kuelekea Kinshasa. Ilipokuwa ikijaribu kutua N'Djili, uwanja wa Kinshasa, ilikumbana na dhoruba. Marubani wakaamua kupaa upya, na papo hapo upepo mkali unaoshuka kutoka mawinguni ukaikandamiza ndege chini, wakati hawana tena urefu wa kujiokoa. Kati ya watu 33 waliokuwamo, alipona mmoja.

Ya pili ilikuwa Boeing 727 ya Hewa Bora, safari namba 952, iliyoondoka Kinshasa tarehe 8 Julai ikienda Kisangani na baadaye Goma, ikiwa na watu 118. Ilifika Bangoka alasiri, mvua na radi vikiwa vimeufunika uwanja. Haikuifikia njia ya kutulia. Ilianguka porini karibu na uwanja, ikavunjika, ikawaka moto. Zaidi ya watu 70 walikufa.

Serikali ilisimamisha shughuli za Hewa Bora. Matokeo ya uchunguzi wa Wizara ya Uchukuzi yalipotoka, lawama ya kwanza iliwaangukia marubani: waliamua kutua katika hali ya hewa isiyoruhusu kutua. Wengi waliishia hapo. Kosa la rubani linaeleweka haraka, na rubani aliyekufa hana wa kumtetea. Lakini matokeo yale yalikuwa na sehemu ya pili, na kwa anayetaka kuelewa jinsi anga ya Kongo inavyoongozwa, hiyo ndiyo yenye uzito. Mnara wa Bangoka uliwapa marubani taarifa ya hali ya hewa isiyo sahihi. Waliokuwa kazini mnarani hawakuwa na leseni zinazotakiwa. Watumishi wa uwanja walikuwa wachache kuliko kazi yenyewe. Na majani na vichaka vilivyouzunguka uwanja vilikuwa havijafyekwa, vikawazibia watu wa mnarani upande ule ambao ndege hujia.

Hilo la vichaka linaonekana dogo mpaka ukumbuke kazi ya mwongoza ndege katika uwanja usio na rada. Macho yake ndiyo chombo chake cha kwanza. Ili amwambie rubani kwamba anaona umbali wa kilomita nane au moja na nusu, hutazama alama anazozijua: mwisho wa njia, nguzo, mstari wa miti, paa la jengo lililo mbali. Ikipotea alama ya mbali, anajua uonaji umeshuka mpaka hapo. Ikipotea ya karibu zaidi, anajua tena. Halafu husoma kipimo cha upepo, kasi yake na unakotoka, husoma kanieneo ya hewa, hukadiria urefu wa mawingu, kisha hubonyeza kitufe cha redio na kusema. Rubani huirudia ile kanieneo neno kwa neno na kuiweka kwenye kipimamwinuko chake. Akiweka namba kubwa kuliko iliyo kweli, kipimo kitamwambia yuko juu kuliko alipo kweli, na ardhi itakuja mapema kuliko anavyoitegemea.

Mkoa wa Tshopo, wenye mji wa Kisangani, umekaa juu ya ikweta, na mji wenyewe haufiki hata nyuzi moja kaskazini yake. Joto la msitu huinua mvuke tangu asubuhi, na kufikia alasiri mawingu ya radi yamesimama mfano wa minara, mengine yakipita urefu ambao ndege za abiria husafiri. Mvua ya huko haitangazi ujio wake kwa muda mrefu. Uwanja ulio wazi kabisa unaweza kufunikwa ndani ya dakika kumi, upepo ukageuka na kutoka upande wa pili. Kwa hiyo taarifa ya robo saa iliyopita, hata kama ilikuwa ya kweli iliposemwa, inaweza kuwa ya uongo inapomfikia rubani anayejiandaa kutua. Mnara wenye watu wa kutosha humweka mtu mmoja kwenye redio na mwingine dirishani. Palipo na mtu mmoja tu, huyo hujibu redio, huandika, hupokea simu ya Kinshasa, na dirisha hulitazama akipata nafasi.

Mji huu unaitegemea ndege kwa sababu za zamani. Mto Kongo unapitika kwa meli kutoka Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,700, kisha unakutana na maporomoko ya Boyoma, ambako wavuvi wa Wagenia hutega mitego yao kwenye maji yanayochemka. Meli huishia hapo. Safari ya mto huchukua majuma, barabara za msitu huliwa na mvua, lakini kwa hewa ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Ndiyo maana tangu enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa Stanleyville, uwanja wa Simi-Simi upande wa magharibi ulikuwa mlango wa mji. Mlango huo ukawa pia mahali pa kupigania. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji, waliobebwa na ndege za C-130 za Marekani, walirushwa juu ya Simi-Simi kwenda kuwaokoa mateka walioshikwa na waasi wa Simba. Njia ya kurukia ilikuwa imezibwa kwa mapipa na magari, ikabidi isafishwe kwanza ndipo ndege nyingine zitue.

Katika miaka ya 1970 mji ukapata uwanja mpya, Bangoka, kilomita 17 hivi mashariki, wenye njia ya mita 3,500 inayoweza kupokea ndege kubwa. Simi-Simi ikabaki kwa jeshi zaidi. Uongozaji wa ndege ulikuwa tayari mikononi mwa shirika la umma lililoundwa 1972, Régie des Voies Aériennes, ambalo kila msafiri wa Kongo analijua kwa herufi zake tatu, RVA. Shirika hilo lilirithi kazi kubwa. Kanda ya anga inayoongozwa kutoka Kinshasa inafunika karibu nchi nzima, nayo nchi ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili na laki tatu. Juu ya eneo hilo hupita ndege zisizo na shughuli yoyote na Kongo: zinazotoka Ulaya kwenda Johannesburg, na zinazotoka Nairobi au Addis Ababa kwenda Lagos na Accra. Njia za kaskazini na kusini hukutana na njia za mashariki na magharibi katikati ya bara, na katikati ya bara ndiko Kisangani iliko.

Ndege zinazokatizana juu ya msitu ambao hakuna rada inayouona hutenganishwa kwa njia ya zamani, na njia hiyo ni ya kusema na kuandika. Rubani huita na kusema yuko wapi, saa ngapi, mwinuko gani, na anatarajia kufika alama inayofuata saa ngapi. Mwongoza ndege huandika kwenye kikaratasi chembamba, kimoja kwa kila ndege, na kuvipanga mbele yake. Ndege mbili zinazofuatana kwa mwinuko mmoja huachanishwa kwa muda: dakika 15, au 10 pale vifaa vya ardhini vinapomwezesha rubani kujua mahali pake mara kwa mara. Zinazopishana huwekwa kwenye miinuko tofauti. Saa inayotumika ni moja dunia nzima, ile ya UTC, na Kongo ina sababu yake ya pekee ya kuishika: Kisangani iko saa moja mbele ya Kinshasa. Mtu akimsomea mwenzake saa ya ukutani, amemsogeza rubani kilomita mia kadhaa kutoka alipo.

Njia hii si mbaya. Imevusha ndege juu ya bahari kuu kwa vizazi. Lakini inadai kila sauti ifike, na kila inayofika irudiwe ili aliyesema ajue amesikiwa. Juu ya Kongo kwa miongo mingi sauti hazikufika. Redio za masafa mafupi husikika kwa ubora mzuri lakini hufuata mstari wa macho, na vituo vya kuzirusha vilikuwa vichache mno kwa nchi yenye ukubwa huo. Redio za masafa marefu huvuka bara, ila radi za ikweta huzijaza mikwaruzo. Rubani aliita Kinshasa mara tatu, mara nne, akajibiwa na Brazzaville au asijibiwe na mtu. Mpango wa safari uliotumwa kutoka nchi jirani ungeweza kufika ndege ikiwa imeshapita. Mwongoza ndege asiyejua kwamba ndege ipo hana kikaratasi chake, na asiye na kikaratasi hawezi kuitenganisha na nyingine.

Kilichotokea tarehe 13 Septemba 1997 kilionyesha gharama ya jambo hilo. Siku ile, Tupolev 154 ya jeshi la anga la Ujerumani ilikuwa ikishuka pwani ya magharibi ya Afrika, ikitoka Niamey kwenda Windhoek, na watu 24. Kutoka Windhoek iliruka ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani aina ya C-141, ikielekea kisiwa cha Ascension, na watu tisa. Kwa kanuni za wakati ule, ndege iliyoelekea magharibi ilistahili kuwa futi 35,000, na ile ya Marekani ilikuwa hapo. Ndege ya Ujerumani ilielekea kusini mashariki, na kwa hiyo mwinuko huo haukuwa wake. Nayo ilikuwa hapo hapo. Windhoek haikuwa na habari zake, kwa kuwa ujumbe uliotakiwa kutoka Luanda haukufika. Hakuna ndege kati ya hizo iliyokuwa na kifaa cha kuonya kuhusu kugongana. Ziligongana juu ya bahari ng'ambo ya Namibia, na watu wote 33 wakafa.

Uchunguzi wa Marekani uliweka sababu kuu kwa marubani wa Tupolev, kwa kuruka kwenye mwinuko usio wao, kisha ukautaja uongozaji mbovu wa Luanda. Marubani wa mashirika makubwa walikuwa wamekwisha kupiga kelele kwa miaka kadhaa. Chama chao cha kimataifa, IFALPA, kilikuwa kimetangaza sehemu kubwa ya anga ya Afrika kuwa na upungufu wa kutisha, na anga ya Kinshasa na ile ya Luanda zilitajwa mara kwa mara katika malalamiko hayo.

Wakati huo marubani walikuwa na dawa yao wenyewe, na dawa hiyo bado ipo: masafa ya redio 126.9. Chama cha mashirika ya ndege, IATA, ndicho kilichoupanga utaratibu wake. Rubani anayeingia kwenye anga isiyo na uongozaji wa kutegemewa hafungi mdomo kumsubiri mtu wa ardhini. Dakika kumi kabla ya kuingia, na tena kwenye kila alama, na tena kabla ya kubadilisha mwinuko au kukatiza njia nyingine, huwatangazia wote. Huanza kwa kuita vituo vyote. Hutaja jina la safari yake, kanda aliyomo, mwinuko, anakotoka, anakokwenda, njia anayofuata, alama aliyopita na saa aliyoipita, alama inayofuata na saa atakayoifikia, kisha hurudia jina na mwinuko. Hahitaji jibu. Ni kama dereva wa lori anayepiga honi kwenye kona ya mlima asikoona mbele: hajui kama kuna mtu, lakini kama yupo, na asikie.

Na kweli husikia. Usiku juu ya Ituri au Tshopo, rubani wa ndege iliyotoka London hujikuta akizungumza na rubani wa Addis Ababa asiyemwona, wakilinganisha saa zao za kufika kwenye alama moja, na mmoja akikubali kusogea pembeni maili kadhaa au kupanda futi elfu mbili. Huo ni uongozaji wa ndege unaofanywa na wapita njia wenyewe. Naustahi sana, kwa sababu umeokoa watu ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa. Lakini una mpaka wake. Unamsaidia anayejua masafa hayo, aliyeyafungua, na anayesema kweli kuhusu alipo. Ndege ndogo ya mizigo inayoruka chini, kutoka kiwanja cha udongo hadi kingine, ikiwa na redio moja inayofanya kazi, haimo katika mazungumzo hayo. Na inapopanda kupita mawingu, au ndege kubwa inaposhuka kuelekea Bangoka, hizo mbili hukutana katika anga moja.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwongoza ndege wa Kongo hufanya kazi kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Rubani Mkongo humwita kwa Kifaransa, rubani wa Umoja wa Mataifa kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi ndege nyingi za mizigo zilizotua Kisangani zilikuwa Antonov na Ilyushin zilizoendeshwa na watu kutoka nchi zilizokuwa za Kisovieti, ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kazini tu. Hao wote watatu wako kwenye masafa mamoja. Anayesikia bila kuelewa hawezi kujua kwamba ndege iliyopewa ruhusa sasa hivi inakuja usoni pake.

Ulaya ililijua hilo mapema. Tarehe 10 Septemba 1976, juu ya Zagreb, Trident ya British Airways na DC-9 ya Yugoslavia ziligongana na watu 176 wakafa. Katika dakika ya mwisho mwongoza ndege alizungumza na marubani wa DC-9 kwa lugha yao, lugha ambayo Waingereza hawakuielewa. India ililijua tarehe 12 Novemba 1996, karibu na Delhi. Ilyushin ya Kazakhstan iliambiwa ishuke mpaka futi 15,000 na ibaki hapo. Boeing 747 ya Saudia ilikuwa ikipanda na imeamriwa isipite 14,000. Katika Ilyushin aliyezungumza na ardhi alikuwa mtu wa redio, si aliyeshika usukani. Ndege ilishuka kupita ilipoambiwa. Watu 349 walikufa, na hakuna ajali ya kugongana angani iliyoua wengi zaidi. Nikilinganisha hali ya Delhi siku ile na ya Kisangani katika miaka ya vita, naona tofauti moja kubwa tu: idadi ya ndege.

Vita ndivyo vilivyoikata anga yenyewe vipande. Kisangani iliangukia mikononi mwa waasi mwezi Agosti 1998. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo Boeing 727 ya Congo Airlines iliyokuwa na watu 41 ilitunguliwa karibu na Kindu, na wote wakafa. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji usiokuwa wa yeyote kati yao. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikadiria raia 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Katika miaka hiyo Kinshasa ilibaki kwenye karatasi kuwa ndiyo yenye anga, lakini viwanja vya mashariki havikuwa vyake, na ndege zilizotoka Entebbe na Kigali zilitua na kuruka kwa amri nyingine.

Anga inapokuwa na wenyewe wawili, rubani hupokea sauti mbili. Somalia imelionyesha hilo karibuni. Mwanzoni mwa 2024 ugomvi wa Mogadishu na Hargeisa kuhusu nani anaongoza anga ya Somaliland ulifika kwenye redio, na waongoza ndege wa pande zote mbili wakawa wakitoa maagizo kwa ndege zilezile.

Kwa Kongo, amani ya 2003 na ujio wa ndege nyingi za Umoja wa Mataifa viliirudishia Bangoka kazi kubwa. Mwezi Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kwanza ya mashirika yaliyozuiwa kuruka kwenye anga yake, mashirika karibu yote ya Kongo yaliwekwa humo, na sababu ilikuwa serikali kushindwa kuyasimamia. Hali hiyo haikuizuia anga kujaa. Tarehe 25 Septemba 2008 Afrika nzima iliingia kwenye utaratibu mpya wa miinuko. Kati ya futi 29,000 na 41,000, nafasi kati ya ndege inayokwenda na inayokuja ilipunguzwa kutoka futi 2,000 hadi 1,000. Sasa anayeelekea mashariki hukaa kwenye 31, 33, 35 elfu, na anayeelekea magharibi kwenye 30, 32, 34. Nafasi ziliongezeka na mafuta yakaokolewa, lakini kosa la namba moja likawa karibu zaidi na ndege nyingine.

Kilichofanya utaratibu huo uvumilike ni kifaa kilichokuwa kimeshakuwa cha lazima kwa ndege kubwa tangu 2003. Ndege huulizana zenyewe kwa zenyewe kuhusu mwinuko, na zikikaribiana sana sauti ndani ya chumba cha marubani huamuru mmoja apande na mwingine ashuke. Kanuni yake iliandikwa kwa damu. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen kusini mwa Ujerumani, Tupolev 154 iliyobeba watoto wa shule wa Urusi ilisikia kifaa kikisema panda na mwongoza ndege akisema shuka. Marubani walimfuata binadamu. Boeing ya mizigo ya DHL ilikifuata kifaa chake, kilichosema shuka. Watu 71 walikufa. Mwongoza ndege alikuwa peke yake Zurich, akisimamia meza mbili, simu zikiwa zimezimwa kwa matengenezo. Uswisi, nchi yenye kila kifaa, ilikuwa imefanya jambo lilelile ambalo uchunguzi wa Bangoka ulikuja kulitaja miaka tisa baadaye: kumwachia mtu mmoja kazi ya wawili. Tangu wakati huo marubani wa dunia nzima hufundishwa kwamba kifaa kikiamuru, hicho ndicho hufuatwa, na mwongoza ndege huambiwa baadaye.

Hata hivyo kifaa hicho nacho kinategemea kuambiwa kweli. Tarehe 5 Septemba 2015, mashariki mwa Senegal, ndege ndogo ya kubeba wagonjwa iliyotoka Ouagadougou kwenda Dakar ilitakiwa kuwa futi 34,000, na Boeing 737 ya Ceiba Intercontinental iliyotoka Dakar ilikuwa 35,000. Ziligusana. Wachunguzi walielekeza macho kwenye upimaji wa mwinuko wa ile ndege ndogo, ambayo kipimo chake hakikusema ilipo. Boeing iliruka mpaka Malabo ikiwa na bawa lililoumia. Ndege ya wagonjwa na watu wake saba ilipotelea baharini. Na ndege ndogo nyingi hazimo kabisa katika ulazima wa kifaa hicho. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa na watu 44 iliruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani, na muda mfupi baadaye marubani wakasikia kishindo. Walirudi salama. Cessna 172 ya chuo cha urubani iliangukia ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake wakafa.

Ndiyo maana naona kwamba mjadala wa Bangoka ukiishia kwenye rada mpya na majengo mapya, utakuwa umeanzia katikati. Vifaa vinahitajika, na watu wa Tshopo wana haki navyo sawa na wasafiri wa Zurich. Lakini yote manne yaliyotajwa baada ya safari 952 yangeweza kurekebishwa bila mashine hata moja ya kuagizwa kutoka nje: leseni, idadi ya watu kwa zamu, taarifa iliyopimwa upya kabla ya kusemwa, na panga la kufyekea. Mwongoza ndege hufundishwa kwa miaka na huhitaji mitihani ya kurudiwa, pamoja na mshahara unaofika mwisho wa mwezi, ili asilazimike kutafuta kazi ya pili inayomfikisha mnarani akiwa mchovu.

Kuna pia kazi ya karatasi isiyopata magazeti. Ndege mbili zinapokaribiana kupita kiasi bila kugusana, rubani huandika ripoti: mahali, saa, miinuko, alichoambiwa na alichojibu. Kila mwaka mashirika ya ndege, marubani na wawakilishi wa mamlaka za anga za Afrika huketi pamoja na kuzipitia moja baada ya nyingine, wakitafuta ni wapi ujumbe ulikwama: ni kituo kipi hakikupokea mpango wa safari, ni simu ipi ya kati ya nchi na nchi iliyokuwa mbovu, ni nani aliyebadilisha mwinuko bila kumwambia jirani. Kinshasa huitwa kwenye kikao hicho sawa na Entebbe, Luanda na Brazzaville, na kila upande hutakiwa kuja na majibu yake, kwa tarehe na kwa saa ya UTC.